Tali

Ukutani, nyuma ya kitanda nambari saba,
chini kabisa, pale rangi ilipovimba kwa chumvi,
nilikuta mistari ya penseli:
minne wima, wa tano ukiifunga kwa mshazari,
mafungu kwa mafungu, kama kuni za kuuza.

Ni ya Mzee Mwachiro.
Miaka thelathini na mmoja Kilindini, karani wa tali,
magunia ya kahawa yakipanda, ya ngano yakishuka,
yeye na ubao wake kivulini mwa winchi.
"Meli haikuondoka na uongo wangu," husema.
Sasa faili lake lasema: amechanganyikiwa,
huhesabu vitu visivyokuwepo.

Nyumba yetu ya wazee iko Tudor.
Mgeni akija huisifu: sakafu yanukia dawa,
mapazia yamepigwa pasi,
kengele nyekundu kichwani pa kila kitanda.
Niliibonyeza ya nambari saba.
Ilikaa kimya kama kifungo cha shati.

"Mzee, umehesabu nini hapa?"
Alinitazama kwa lile jicho lililobaki na nuru.
"Mausiku," akasema. "Yaliyopita bila mtu."

Daftari la zamu halina mausiku hayo.
Daftari limenyooka: saa nne, amegeuzwa.
Saa sita, amegeuzwa.
Saa nane, amegeuzwa, amekunywa maji.
Wino mmoja, mkono mmoja,
mkono uliokaa kitako saa mbili
ukaumaliza usiku kabla usiku haujaanza.
Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema.
Sisi daftari tunalo. Wanaopotea ni watu.
Nikafunua ukurasa baada ya ukurasa nikimsaka mkosaji,
nikakuta sahihi yenye N iliyopinda mgongo:
Nyevu. Jina langu. Mara kumi na nne.

Utetezi ninao.
Tuko wawili kwa wazee ishirini na tisa.
Bi Time akitaka choo, humngoja Bwana Fernandes abadilishwe nepi;
Bwana Fernandes naye amngoja Bi Time.
Mshahara wa mwezi wa tatu tuliupata wa tano.
Yote kweli.
Lakini kidonda hakisomi utetezi.
Kiko chini ya kiuno chake, upana wa kikombe cha kahawa,
na kilianza wekundu tu,
wekundu wa mtu aliyelalia mkeka.

Jumatatu wanakuja wakaguzi.
Matroni amenunua shuka, amenunua hata maua.
Ameniagiza nipake rangi nyuma ya nambari saba.
Kopo liko miguuni pangu, brashi imeshalowa.

Usiku huu saa nne nilimgeuza.
Saa sita nilimgeuza; alikuwa mwepesi,
nikauogopa wepesi ule.
Saa nane ilinipita kitini, kidevu kifuani,
nikazinduka saa tisa na robo,
nikaandika:
*Saa nane, hakugeuzwa. Nililala. Nyevu.*
Neno lile lilikaa peke yake katika safu
kama mgeni aliyeingia na viatu msikitini.

Kopo nimelirudisha stoo,
kifuniko nimekigonga kwa kisigino cha kiatu.

Alfajiri nikamwinamia, nikamwambia:
mzee, usiku wa leo niliukosa mara moja.
Akapapasa chini ya mto,
akanipa kipande cha penseli, kifupi kama jino.
"Gunia lililopasuka huandikwa limepasuka," akasema.
"Kisha mtu hutia sahihi."
Nikamwonyesha daftari, ingawa hawezi kusoma tena.
Akapitisha kidole juu ya mstari wangu,
pole pole, hadi mwisho, kama anayetafuta mshono.

"Na kengele?" akauliza.
"Kengele umeiandika?"

Sikuwa nimeiandika.